Mnakwenda Kuchukua Nini Huko Juu?

Mama yangu mzazi alifika Maryland, Marekani, mwezi wa Juni mwaka 2022, na Jumamosi yake ya kwanza nyumbani kwetu alitukuta alfajiri tukijaza maji kwenye chupa, tukifunga chapati na mayai ya kuchemsha, na kukaza kamba za mabegi ya mgongoni. Aliuliza safari ni ya wapi. Mume wangu akamweleza kwa heshima kwamba tunakwenda kupanda mlima na kwamba jioni tutarudi. Mama alinyamaza kidogo, akatutazama mmoja mmoja, kisha akauliza: "Mnakwenda kuchukua nini huko juu?"

Nililielewa swali hilo kuliko mtu mwingine yeyote aliyekuwa jikoni asubuhi ile. Nimezaliwa na kukulia katika milima ya Usambara, katika kijiji kilicho juu ya mji wa Lushoto, na katika utoto wangu wote sikuwahi kumwona mtu akipanda mlima bila shughuli. Tulipanda kufuata kuni, tulishuka kufuata maji, tulivuka mabonde mawili kwenda shule, na siku ya gulio tulivuka matatu tukiwa na kabichi na viazi kichwani. Nilipohamia Marekani niliamini kwamba kupanda milima kumebaki nyuma pamoja na mizigo yake, na kwa miaka mingi sikutamani kukurudia.

Aliyeanza kututoa ndani ni mume wangu. Yeye ni dereva wa lori, na hupita mara kwa mara katika barabara kuu namba 70 kati ya Frederick na Hagerstown. Mahali barabara hiyo inapokata mgongo wa mlima uitwao South Mountain, kuna daraja jembamba la waenda kwa miguu juu ya magari, na kila ifikapo Mei na Juni aliwaona watu wenye mabegi makubwa wakilivuka kuelekea kaskazini. Kwa muda mrefu hakujua ni akina nani wala wanakwenda wapi, hadi mwenzake wa kazini alipomweleza kwamba daraja lile ni sehemu ya Njia ya Appalachian, inayoanzia Springer Mountain katika jimbo la Georgia na kuishia katika kilele cha Katahdin, jimbo la Maine. Ni njia ya miguu yenye urefu unaozidi kilomita 3,500, inayopita katika majimbo 14, na wapo wanaoitembea yote kwa mkupuo mmoja wa miezi mitano au sita.

Ilikuwa mwaka 2020, mwaka wa UVIKO-19. Shule zilikuwa zimefungwa na watoto walikuwa wakisoma kwa kompyuta. Binti yetu mkubwa alikuwa na miaka 14, kaka yake 10, na kitindamimba wetu 6. Mimi nilikuwa nikifanya kazi za usiku za kuhudumia wazee, kwa hiyo nilirudi nyumbani asubuhi na kulala mchana, na nyumba yetu yenye watu watano ilikuwa kimya kama nyumba isiyokaliwa, kila mmoja chumbani kwake na kioo chake. Mume wangu aliposema kwamba mlima uko mwendo wa nusu saa kwa gari na hauna kiingilio, nilikubali kwa sababu ya kimya kile, wala si kwa kupenda mlima.

Tulikosea karibu kila kitu siku ya kwanza, na ninaeleza kwa urefu kwa sababu ninafahamu familia nyingine zilizokosea vivyo hivyo na hazikurudi tena. Tulichagua Jumapili moja ya katikati ya Novemba. Tulikula chakula cha mchana kwanza, tukatoka nyumbani karibu saa saba, tukaegesha gari Weverton karibu na Mto Potomac, tukiwa na mpango wa kupanda hadi kwenye magenge ya Weverton na kuendelea juu ya mgongo wa mlima hadi bustani ya Gathland, kilomita kama 11 kwa jumla, ambako rafiki yetu angetuchukua. Tulivaa suruali za jinzi na fulana za pamba. Kila mtu alikuwa na chupa moja ndogo ya maji. Hatukuwa na tochi hata moja.

Njia inapanda kwa kona nyingi za kwenda na kurudi, na kutoka maegeshoni hadi kwenye magenge si zaidi ya kilomita mbili, lakini mtoto wa miaka sita hapandi kama mtu mzima: alisimama kutazama kila jongoo, kila gogo na kila jiwe lenye kumetameta. Tulifika juu karibu saa tisa. Mandhari ya mto kutoka pale ni ya kumfanya mtu asahau saa, na sisi tulisahau. Tukaendelea mbele. Ilipokaribia saa kumi na nusu tulikuwa katikati ya msitu usio na majani, upepo umeanza, fulana zetu zimelowa jasho, na mwanga ulikuwa ukituacha.

Kwetu Lushoto jua huchwea kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, mwaka mzima, na mtu huzaliwa, akakua, akazeeka bila kulazimika kulifikiria jambo hilo. Huku Maryland, baada ya saa kurudishwa nyuma mwanzoni mwa Novemba, jua huchwea karibu saa kumi na moja. Nilikuwa nimeishi katika nchi hii miaka mingi na nililijua hilo, lakini nililijua kama mtu anayekaa ndani na kuwasha taa. Tuliamua kurudi tulikotoka. Tulishuka zile kona gizani kwa mwanga wa simu mbili, moja ikiwa inakaribia kuzima. Kitindamimba alilia kwa baridi, basi nikavua kitenge nilichokuwa nimejifunga shingoni, nikamfunga mgongoni mwa baba yake, na hivyo ndivyo alivyoshushwa mlimani. Binti yetu hakusema neno lolote hadi tulipofika nyumbani, na aliposema, alisema kwamba hatakwenda tena.

Kwa wiki tatu hatukulizungumzia. Kisha mume wangu alinunua taa tano za kuvaa kichwani, akaziweka mezani, na hakusema kitu. Nadhani taa zile ndizo zilizotushawishi, kwa sababu zilionyesha kwamba amekubali kosa lilikuwa la watu wazima.

Tulipoanza upya tulibadili kipimo. Tuliacha kupima kwa kilomita tukapima kwa saa, tukihesabu kwamba kitindamimba, pamoja na vituo vyake vyote, huenda kilomita mbili tu kwa saa, na siku yote ikapangwa kwa mwendo huo. Saa ya kugeuka iliwekwa kabla ya kutoka nyumbani, na ikifika tunageuka, hata kama kilele kinaonekana. Suruali za jinzi zilibaki kabatini, kwa kuwa pamba ikilowa haikauki upesi, nayo huupoza mwili. Maji yakawa lita moja na nusu kwa mtu mzima na lita moja kwa mtoto. Tuliacha raba za mtindo tukanunua viatu vyenye soli ya kushika, vingine vikiwa mitumba, kwa maana miguu ya watoto hukua upesi na hakuna haja ya kulipa bei ya dukani kila mwaka.

Jambo lililotusaidia kuliko viatu lilikuwa kumweka mtoto mdogo mbele. Kijijini kwetu mtu mzima ndiye aliyetangulia na panga, watoto wakafuata nyuma kwa mbio ndogondogo, na mimi bila kufikiri nilikuwa nimepanga familia yangu vivyo hivyo. Tulipomtanguliza kitindamimba, yeye ndiye aliyeshika mwendo na yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa njia. Njia ya Appalachian ina alama nyeupe zilizopakwa rangi kwenye miti na mawe, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 5 na kimo cha sentimita 15. Alama mbili zikiwa moja juu ya nyingine, maana yake ni kwamba njia inakunja au kuna jambo la kuangaliwa. Alama za buluu huonyesha vijia vya pembeni vinavyokwenda kwenye maji, kwenye kibanda cha kulala au mahali pa kutazama mandhari. Mtoto aliyekuwa akilalamika kila baada ya dakika tano alianza kutafuta alama inayofuata, na tangu hapo sijamsikia akiuliza tutafika lini.

Alama hizo hazijipaki zenyewe, na hilo nilitaka watoto walijue. Wazo la njia hii lilitolewa mwaka 1921 na Benton MacKaye, aliyekuwa mtaalamu wa misitu, naye alitaka watu wa miji wapate mahali pa kupumzisha mwili na akili. Ilikamilika mwaka 1937, na mwaka 1968 ikalindwa kwa sheria ya nchi, lakini wanaoitunza hadi leo ni watu wa kujitolea kwa sehemu kubwa. Kipande chote cha Maryland, karibu kilomita 66, kiko chini ya klabu ya Potomac Appalachian Trail Club, iliyoanzishwa mwaka 1927. Siku moja karibu na Crampton's Gap tulimkuta mzee mwenye mvi akikata kwa msumeno wa mkono gogo lililoangukia njia. Mwanangu wa kati alimwuliza analipwa kiasi gani. Alipojibiwa kwamba halipwi, mtoto alikaa akamtazama hadi gogo lilipokatika, kisha akamsaidia kuliviringisha pembeni. Kwetu tungeiita kazi ya msaragambo.

Tulikuwa na gari moja tu, na hili lilitusumbua kwa miezi kadhaa, kwa kuwa ukienda na kurudi kwa njia ileile unatembea mara mbili ili kupata kipande kimoja. Mume wangu alibuni utaratibu ambao tunautumia hadi leo: anatushusha mwanzo wa kipande, anazunguka na gari hadi mwisho wake, kisha anaanza kutembea kuja kwetu. Tunakutana katikati, tunakula pamoja, naye anageuka kurudi nasi hadi lilipo gari. Watoto humsikia kabla ya kumwona, kwa sababu hupiga mluzi, na hukimbia kwenda kumpokea kama baba aliyetoka safari ya mbali. Tahadhari ni kwamba mawasiliano ya simu hukatika mara nyingi juu ya mlima, kwa hiyo tunakubaliana mapema nani asimame wapi endapo muda wa kukutana umepita.

Kuhusu kupe nitasema wazi, kwa maana ndiyo hatari iliyotufikia kweli. Nilikua nikijua kwamba kupe ni wa ng'ombe na dawa yake ni josho. Huku kuna kupe mdogo mwenye miguu myeusi, ambaye akiwa bado mchanga hazidi ukubwa wa mbegu ya ufuta, na hubeba vijidudu vya ugonjwa wa Lyme. Msimu wa machipuko wa mwaka 2021 nilimkuta mmoja nyuma ya goti la mwanangu wa kati, siku moja baada ya kutoka mlimani. Nilimng'oa kwa kibano chembamba, nikimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja bila kumkamua, nikaandika tarehe kwenye kalenda, na kwa mwezi mzima nilichunguza kama kuna wekundu unaotanuka au homa. Hakuugua. Vijidudu hivyo kwa kawaida huhitaji zaidi ya siku nzima ya kupe kunyonya kabla ya kuhamia kwa mtu, na ndiyo sababu ukaguzi wa jioni ileile ni muhimu kuliko dawa nyingi. Siku hizi hakuna anayekaa kwenye kochi kabla ya kuoga na kukaguliwa, na nguo huingia moja kwa moja kwenye mashine ya kukaushia, kwa sababu joto kavu huwaua.

Mabadiliko niliyoyathamini zaidi yalikuja polepole. Njia ni nyembamba na watu hutembea kwa mstari, kila mmoja akiutazama mgongo wa aliye mbele yake, na katika hali hiyo binti yetu, ambaye alikuwa amerudi bila kulazimishwa, alianza kuzungumza. Tukiwa kati ya Gathland na Fox's Gap alinieleza jambo lililomuumiza miezi minne nyuma, ambalo kila jioni mezani nilikuwa nikimuuliza "kuna nini?" naye akinijibu "hakuna kitu, mama." Sikugeuka kumtazama. Niliendelea kutembea nikimsikiliza hadi alipomaliza, na nadhani kama ningegeuka angenyamaza.

Pia niligundua kwamba watoto wangu walikuwa na Kiswahili cha nyumbani tu. Walijua sahani, mlango, lala, njoo, acha. Hawakuwa na korongo, wala genge, wala mteremko, wala kilele, wala kigong'ota, kwa sababu katika mtaa wetu tambarare hapakuwa na kitu cha kuitwa hivyo. Wakawa wanauliza majina, nami nikawa nayatoa moja moja kutoka mahali nilipokuwa nimeyaweka kwa miaka ishirini. Mengine yalinijia kwa Kisambaa kabla ya Kiswahili, nikawapa yote mawili.

Basi Mama alipouliza tunakwenda kuchukua nini, hakuna aliyepata jibu la haraka. Tulimwomba twende naye. Tulichagua Harpers Ferry, kwa kuwa kutoka pale hadi Weverton njia hufuata ukingo wa mfereji wa zamani kando ya Potomac, kilomita tano za tambarare. Mama alivuka daraja la miguu lililo kando ya reli akiwa amevaa kanga na raba, na binti yangu akamweleza kwa Kiswahili habari za mji ule: kwamba mwezi wa Oktoba mwaka 1859 John Brown alivamia ghala la silaha hapo akitaka kuwakomboa watumwa, na kwamba mwaka 1906 viongozi Weusi wa Niagara Movement, chama cha kudai haki za Weusi, W. E. B. Du Bois akiwa mmoja wao, walikutana katika chuo cha Storer na kwenda alfajiri kwenye jengo alimojificha John Brown, wakiwa wamevua viatu kwa heshima ya mahali hapo. Mama alimsimamisha. Alitaka aambiwe tena hilo la viatu. Kisha akasema, "Walijua kuzuru," na kwa muda mrefu hakusema kitu kingine.

Wiki mbili baadaye alitaka mlima wenyewe. Tulikwenda Annapolis Rock, kilomita tatu na nusu hivi kutoka maegeshoni, na Mama akiwa na miaka 68 alitutangulia wote, kwa hatua fupi zisizobadilika ambazo nilikuwa nimezisahau kabisa. Juu kuna jabali pana linalotazama magharibi, bonde lote likiwa chini yako pamoja na ziwa dogo la Greenbrier. Adhuhuri ilipofika alitandika kanga, mjukuu wake akatafuta kibla kwa simu, na kwa kuwa kutoka Maryland kibla kiko kaskazini mashariki, Mama alilipa bonde lote mgongo akasali akielekea msituni. Wapandaji wengine walipunguza sauti. Alipomaliza aliketi, akala chapati, akatazama chini kwa muda. Hakurudia swali lake, wala hatukumkumbusha.

Aliondoka Septemba, kabla hatujamaliza kipande chote cha Maryland. Vipande vya kaskazini ni vya mawe makubwa yaliyolala ovyo, na kipande cha mwisho, kutoka High Rock kushuka Pen Mar, kilitaka mikono pamoja na miguu. Kitindamimba, aliyekuwa ametimiza miaka minane, alikipita kwa makalio, kwa mikono na kwa uvumilivu mkubwa. Tulifika Pen Mar Jumapili moja ya Oktoba mwaka 2022. Mbele kidogo tu ya bustani hiyo ndipo unapopita mstari wa Mason na Dixon, uliopimwa kati ya 1763 na 1767, nao ndio mpaka wa Pennsylvania. Tulisimama hapo tukawaeleza watoto kwamba wapo watumwa waliotoroka wakaja hadi mpaka huu kwa miguu, usiku, bila alama nyeupe kwenye miti, na kwamba Harriet Tubman, mzaliwa wa Maryland, alipovuka kuingia Pennsylvania mwaka 1849 alikuwa mtu aliyetoroka utumwani, na bado alirudi kuwachukua wengine. Binti yetu alivuka, akarudi, akavuka tena, bila kueleza kwa nini.

Tulimpigia Mama simu palepale. Kwao ilikuwa usiku, naye alitaka kujua kama tumekula na kama miguu ya mtoto ni mizima. Kisha akauliza tunaanzia wapi tena.

Jumamosi hii, Mungu akitujalia, tunaelekea kusini. Tutaanzia Keys Gap na kutembea hadi Harpers Ferry, kilomita kama kumi kupitia Loudoun Heights, na mume wangu atakuja kutoka upande wa pili kama kawaida. Begi la kitindamimba limetundikwa mlangoni tangu jana. Nimelifungua kukagua maji, nikakuta ameweka taa mbili.